Nyonga bandia ikichomoka msikimbilie kumlaumu mgonjwa, angalieni kwanza kikombe kimekaaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme kitu kuhusu watu waliowekewa nyonga bandia. Mimi nafanya fiziotherapia huku Tanga, watu hawa ndio ninaowafundisha kutembea upya baada ya oparesheni, na kuna jambo linaniuma sana kwa jinsi linavyochukuliwa.

Hali yenyewe iko hivi. Mtu amekaa na maumivu ya nyonga miaka, mwisho anafanyiwa oparesheni, iwe Moshi KCMC au MOI pale Muhimbili, au ndugu wamechanga kaenda India, anarudi anatembea, usiku analala, nyumba nzima inafurahi. Alafu siku anainuka kutoka kwenye kochi la chini, au anainama kuokota ndala, nyonga inachomoka. Mguu unafupika, unageukia ndani, maumivu yake hayaelezeki, anabebwa mzobemzobe mpaka hospitali na swali la kwanza analokutana nalo ni "wewe ulikaaje?" Ndugu nao wanadakia hapo hapo, si tulikwambia usikae chini, mama hasikii, baba mbishi. Mgonjwa anarudishiwa nyonga yake akiwa amepigwa ganzi, anarudi nyumbani anajiona yeye ndio mkosaji, na kuanzia hapo anaogopa hata kukaa kwenye kiti cha kawaida.

Sasa mimi nasema hivi, alivyokaa mgonjwa ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iliamuliwa thieta, zile dakika chache daktari anapogonga kikombe ndani ya mfupa na kuchagua kielekee wapi. Na hiyo nusu mgonjwa haambiwi, hata sisi tunaompokea kwa mazoezi mara nyingi hatuambiwi.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Nyonga bandia ina kikombe kinachoingizwa kwenye fupanyonga, ndani ya kikombe kuna bitana ya plastiki ngumu sana au seramiki, alafu upande wa paja kuna shina la chuma linaloingia ndani ya mfupa, lina shingo, na juu ya shingo kuna mpira wa duara unaozunguka ndani ya kikombe. Mfumo huu tunaoutumia mpaka leo msingi wake aliuweka daktari Mwingereza John Charnley, hospitali ya Wrightington, mwaka 1962, baada ya kujaribu kwanza bitana za Teflon zikalika haraka akahamia kwenye plastiki nyingine. Mpira wake ulikuwa mdogo, milimita 22 na kidogo. Siku hizi wengi wanawekewa wa 28, 32 au 36.

Nyonga ya kuzaliwa ikiwa nzima inakunja kama digrii 120, yani goti linakuja karibu kabisa na kifua. Nyonga bandia nayo inaweza kufika mbali lakini ina mpaka wake wa chuma, pale ambapo shingo ya shina inagota ukingo wa kikombe. Fikiria mchi ndani ya kinu. Ukiulaza mchi upande mmoja unafika mahali unagota mdomo wa kinu, na ukiendelea kuulazimisha, kitako chake huku chini kinanyanyuka kutoka mahali pake. Nyonga bandia nyingi zinachomoka kwa namna hiyo hiyo, shingo inagota mbele, mpira unang'oka unatokea nyuma. Sasa ukikigeuza kinu kidogo tu upande ule unaolazia mchi, utaulaza zaidi kabla haujagota, ila upande wa pili utagota mapema. Ndio maana kikombe kinavyoelekea ni kitu kikubwa kiasi hiki, kinaamua ni mjongeo gani una nafasi na upi hauna.

Madaktari wanakipima kwa pembe mbili. Ya kwanza ni kimelala au kimesimama kiasi gani (digrii zikipungua kimelala, zikizidi kimesimama), ya pili ni kimetazama mbele kiasi gani. Mwaka 1978 daktari Lewinnek na wenzake kule Marekani waliangalia nyonga 300 zilizofanyiwa oparesheni, 9 zilikuwa zimechomoka, wakatoa eneo walilosema ni salama: kulala digrii 40, kuzidi au kupungua 10, na kutazama mbele digrii 15, kuzidi au kupungua 10. Zilizokuwa ndani ya eneo hilo zilichomoka asilimia 1.5, zilizokuwa nje asilimia 6.1. Namba hizo zimefundishwa vyuoni miaka yote hii.

Kikombe kikilala sana, mguu ukiupeleka pembeni au ukivuta goti kuja kifuani shingo inagota mapema. Kikisimama sana nafasi ya kukunja inaongezeka lakini paa lake halifuniki mpira vizuri, uzito wa mwili unaangukia ukingoni, plastiki inalika upande mmoja, na mguu ukivuka kwenda upande wa pili mpira unaanza kutafuta njia ya kutokea. Kisipotazama mbele vya kutosha, ukikaa chini na kuinama shingo inagota mbele na mpira unatoka nyuma. Kikitazama mbele kupita kiasi mambo yanageuka, kukaa anakaa vizuri tu, lakini akisimama akaupeleka mguu nyuma na kugeuza kidole gumba nje, kama mtu anayegeuka ghafla kuitikia jina lake, shingo inagota nyuma na mpira unatokea mbele. Na kikombe hakifanyi kazi peke yake, shina nalo likiingizwa kwenye paja linaweza kutazama mbele zaidi au kidogo, kwa hiyo madaktari wengi siku hizi wanajumlisha pembe za vyote viwili, jumla iwe kati ya digrii 25 na 50.

Hapo ukiangalia utaona kwamba ile amri wanayopewa wagonjwa, "usikunje nyonga zaidi ya digrii 90", sio sheria ya watu wote. Na bado kuna suala la daktari aliingilia wapi. Akiingilia nyuma ya nyonga, ile misuli midogo ya nyuma inakatwa na kushonwa, kwa hiyo udhaifu uko nyuma, mgonjwa akae mbali na kukunja sana huku goti likija katikati na mguu ukigeukia ndani. Akiingilia mbele, cha kuogopa ni kuupeleka mguu nyuma na kuugeuza nje. Hizi ni kanuni mbili zinazotofautiana kabisa, lakini nimeshaona wagonjwa wa aina zote mbili wanakuja na fotokopi moja ile ile, imefifia, imetafsiriwa kutoka karatasi ya Ulaya, inawakataza kukaa kwenye sofa la chini na kuwashauri wanyanyue siti ya choo, wakati nyumbani kwao siti hakuna.

Kuna jambo lingine ambalo kwa maoni yangu ndio kubwa kuliko yote. Mwaka 2016 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walipitia nyonga 9,784, wakazichukua 206 zilizochomoka na kupima vikombe vyake. Asilimia 58 vilikuwa ndani ya lile eneo salama la mwaka 1978. Yani zaidi ya nusu ya waliochomoka, eksrei yao ilikuwa "nzuri". Sasa mgonjwa wa hivyo akifika kwetu anaambiwa picha iko safi, tatizo ni wewe.

Sehemu kubwa ya jibu iko mgongoni. Eksrei ya kawaida inapigwa mgonjwa amelala chali au amesimama, lakini watu hatuishi tumelala chali. Mtu mwenye mgongo laini akitoka kusimama na kukaa, fupanyonga linajiviringisha kurudi nyuma kama digrii 20 hivi, na kila digrii moja linayorudi nyuma, kikombe kinafunguka kutazama mbele zaidi kwa kama digrii 0.7. Kwahiyo ukikaa tu kikombe chenyewe kinajifungua na kulipisha paja. Lakini mtu ambaye mgongo wake wa chini umekauka, kwa uzee, kwa ugonjwa wa kuganda uti wa mgongo, au kwa sababu aliwahi kufungwa vyuma mgongoni, fupanyonga lake halijiviringishi, limeganda kama lilivyokuwa amesimama. Kazi yote ya kukaa inabebwa na paja peke yake, shingo inafika ukingoni mapema, na kikombe chenye digrii 40 na 15 za kwenye kitabu kinakuwa hakimtoshi. Inajulikana vizuri kabisa kwamba waliofungwa pingili za mgongo wa chini nyonga zao bandia huchomoka zaidi kuliko za wengine.

Nilimhudumia mzee mmoja, fundi cherehani maisha yake yote, mgongo mkavu kama ubao. Alifuata kila alichoambiwa, alinunua kiti kirefu, mto katikati ya mapaja usiku hakuusahau, na bado nyonga ilichomoka zaidi ya mara moja, tena akiwa amekaa kwenye kiti hicho hicho kirefu ameinama mbele kidogo kufunga kiatu. Kila akienda anaulizwa umefanya nini, mkewe akawa anamlinda kama mtoto. Mpaka alipokutana na daktari mwingine aliyeomba kitu kimoja tu, apigwe eksrei ya ubavuni akiwa amesimama, na nyingine akiwa amekaa. Ukiziweka pamoja fupanyonga halijasogea. Alifanyiwa marekebisho, kikombe kikaelekezwa mbele zaidi na mpira ukabadilishwa ukawa mkubwa. Mzee yule alikuwa mtiifu kuliko wagonjwa wangu wote na ndiye aliyelaumiwa kuliko wote, hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Mpira mkubwa unasaidia kwa sababu mbili, shingo inachelewa kugota, na hata ikigota mpira una safari ndefu zaidi kabla haujaruka nje ya kikombe. Lakini nao una gharama yake, kikombe kikiwa kidogo, mpira ukiongezeka plastiki inabidi iwe nyembamba, kwahiyo sio kila mtu wa kuwekewa 36.

Tuje kwenye maisha yetu wenyewe sasa. Mama wa huku pwani anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi, magoti yako juu ya kiuno, mgongo umeinama mbele. Anafagia uwanja na chelewa fupi. Anakula kwenye jamvi, anachuchumaa chooni, anasujudu. Kuchuchumaa mpaka chini kunataka nyonga ikunje zaidi ya digrii 100, wengine wanapita 120, na kusujudu vizuri nako ni zaidi ya 90. Mwingine ni karani, kazini kiti, nyumbani choo cha kukaa, kanisani benchi. Hawa wawili wakiwekewa kikombe kwa pembe zile zile bila mtu kuwauliza chochote basi hatujamtendea haki yule mama. Na kuuliza ni dakika tano tu. Unakaaje ukipika? Choo chenu cha namna gani? Unasali vipi? Unapanda bajaji au bodaboda? Ukiinama unaweza kugusa vidole vya miguu?

Alafu majibu ya hayo maswali yatusaidie na sisi huku kwenye mazoezi, maana wagonjwa wanakatazwa vitu vingine bure. Kupiga magoti ukiwa wima kwa mfano, nyonga iko karibu imenyooka kabisa, kwa aliyeingiliwa nyuma hakuna tatizo kubwa hapo, kazi ni kushuka na kuinuka, na tunamfundisha mguu wa oparesheni ubaki nyuma ule mzima ndio utangulie mbele. Kukaa chini akiwa ametanua magoti sio sawa na kukaa magoti yamebanana na mguu umegeukia ndani, hicho cha pili ndio kibaya zaidi kwa aliyeingiliwa nyuma. Lakini siwezi kumwambia mtu fulani kwa uhakika "wewe nenda mpaka hapa" kama sijui kikombe chake kimetazama wapi, kwahiyo namkataza yote, na yeye anaishi amejifunga kuliko anavyotakiwa. Na ifahamike kwamba sehemu kubwa ya nyonga zinazochomoka huwa ni miezi mitatu ya mwanzo, kabla nyama hazijashika vizuri. Kuna watu wana miaka na nyonga zao na bado wanaogopa kwa sababu hakuna aliyewaambia lini waache kuogopa.

Nigusie na kuchechemea. Nyonga inaweza isichomoke kabisa na bado mtu akatembea anaangukia upande. Hapo mara nyingi ni umbali wa paja kutoka kwenye fupanyonga, kama umepunguzwa kuliko alivyozaliwa nao, misuli ya pembeni ya nyonga inalegea, haina mkono mrefu wa kuvutia, kiuno kinashuka kila akinyanyua mguu wa pili. Mazoezi yanasaidia lakini yana kikomo chake, na mgonjwa asiambiwe mvivu. Urefu wa mguu ni hivyo hivyo, tofauti ikizidi sentimita moja wengi wanaisikia, na wengine wameshaanza kuumwa mgongo kabla mtu hajafikiria kupima.

Najua kuna watakaosema suluhisho ni roboti na kompyuta za thieta kama walizonazo wenzetu. Zinasaidia kweli kupiga pembe uliyoikusudia bila kukosea sana, lakini pembe yenyewe lazima mtu aichague kwa ajili ya mgonjwa huyu, mashine ukiiambia 40 na 15 itakupa 40 na 15 hata kwa yule fundi wangu. Ninachokiomba mimi hakihitaji mashine mpya. Ni eksrei ya ubavuni ya ziada, amesimama na amekaa, kwa kila anayekwenda kubadilishwa nyonga, au basi angalau kwa wazee na wenye historia ya mgongo. Mashine tunazo tayari mikoani.

Na baada ya oparesheni, mgonjwa apewe karatasi. Sio ile fotokopi. Karatasi yake yeye, imeandikwa ni nyonga ya upande gani, daktari aliingilia mbele au nyuma, mpira milimita ngapi, na kikombe kimekaa kwa pembe gani kwenye eksrei ya baada ya oparesheni. Kupima kunawezekana kwenye picha ya kawaida kabisa, pembe ya kulala inapimwa kwa mstari, na ya kutazama mbele inapigiwa hesabu kwa upana na urefu wa ule mdomo wa kikombe unaoonekana kwenye picha kwa umbo la yai. Alafu vile vibandiko vinavyotoka kwenye maboksi ya vifaa, vyenye jina la kampuni na namba, vinabandikwa kwenye faili la hospitali, basi nakala apewe mwenye nyonga. Faili linapotea, linabaki mkoa mwingine, au liko Chennai huko.

Nasisitiza hili kwa sababu ya vijana. Nchi yetu ni moja ya zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu (sickle cell), na selimundu inakata damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja mpaka kinakufa na kuporomoka, kwahiyo tunaona watu wa miaka ishirini na kitu, thelathini, wanabadilishwa nyonga, umri ambao Ulaya wengi hawajawahi hata kuwaza habari hiyo. Rejista za nchi zilizofuatilia wagonjwa wao kwa muda mrefu zinaonyesha kama asilimia 58 ya nyonga zilifika miaka 25, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa watu wazima waliotulia. Kijana wetu anayebeba zege au kuendesha bodaboda, huenda siku moja akarudi thieta kubadilishiwa bitana au kikombe kizima, na daktari atakayempokea, ambaye leo pengine bado yuko sekondari, atataka kujua ndani kuna kifaa cha kampuni gani, mpira wa saizi gani, na kikombe kiliachwa kikitazama wapi. Asipojua atalazimika kung'oa na vile ambavyo vingeweza kubaki.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtaalamu wa fiziotherapia, Tanga
(jina na simu mnavyo ofisini)